Signal ya Kikorea: iko vizuri wapi, inalegea wapi

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama tamthilia ya Signal inastahili sifa zote hizi au watu wanafuata mkumbo tu. Wachangiaji wa juu wamejibu "ni moto" na "inachosha", ila hakuna aliyesema moto uko wapi na uchovu unaanzia wapi. Naongeza nyama. Mwanzoni sifichui kitu kikubwa. Nikifika kwenye kufichua nitatoa onyo.

Hakikisha kwanza umeshika ile yenyewe: ya Korea Kusini, iliyorushwa na chaneli ya tvN kuanzia tarehe 22 Januari hadi 12 Machi 2016, sehemu 16, kila moja saa moja na ushee. Ipo ya Kijapani ya 2018 yenye jina hilo hilo, na Wachina nao walitengeneza yao, kwa hiyo ukijaziwa flashi bila kuuliza unaweza kupewa yoyote. Ya Kikorea imeandikwa na Kim Eun-hee, mama aliyekuja kuandika tamthilia ya Kingdom baadaye, na kuongozwa na Kim Won-seok. Nyuso tatu za kuzitambua ni Lee Je-hoon, Kim Hye-soo na Cho Jin-woong. Na kama umezoea zilizotafsiriwa na ma-DJ, hii tafuta yenye maandishi chini. Siwadharau ma-DJ. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya hadithi imo kwenye mkwaruzo wa redio na sauti inayokatika kabla jina la mtu au la mahali halijakamilika. DJ akiongea juu yake, umeikosa.

Kisa chenyewe: mwaka 2015 ofisa kijana wa polisi, Park Hae-young, kazi yake kuchambua tabia za wahalifu, anakuta redio ya upepo kwenye vitu vya kituo vinavyokwenda kutupwa. Haina hata betri. Ikifika saa 5 na dakika 23 usiku inaanza kunguruma, na upande wa pili yuko mpelelezi Lee Jae-han, aliyetoweka mwaka 2000 huku jina lake likiwa limechafuliwa kwa tuhuma za rushwa. Katikati yao yupo Cha Soo-hyun, ambaye leo ni bosi wa Hae-young, na miaka ya tisini alikuwa kuruta chini ya Jae-han. Huyu mama amemsubiri miaka 15, kila ukipatikana mwili usiotambulika anakwenda kuuangalia.

Redio haipigiki. Inafunguka yenyewe, inatoa dakika chache, inakata. Hapo ndipo ubunifu wake ulipo, na ni ubunifu mdogo sana: hakuna mashine, hakuna mzimu, hakuna anayesafiri kwenda popote. Maneno tu ndiyo yanayovuka. Hae-young hawezi kumkamata mtu wa 1989, anaweza kumwambia tu Jae-han aende wapi, na Jae-han anakwenda kwa miguu yake, anachelewa kwa miguu yake. Tamthilia nyingi za kuchezea wakati humpa shujaa nguvu, halafu zinahangaika kutafuta kitu cha kumzuia. Hii imemnyima tangu mwanzo.

Kabla hujaanza, chukua karatasi uandike miaka hii: 1989, 1995, 1997, 1999, 2000, 2015. Kila kesi kubwa ina mwaka wake, na ukiwa huna hiyo karatasi utapotea kuanzia sehemu ya tano hivi. Mwongozaji amekusaidia kwa rangi: picha za zamani zina joto la manjano, za 2015 ni baridi, za buluu. Lakini yapo matukio ya ndani ya jengo la polisi ambayo rangi haikuokoi, angalia meza. Kompyuta bapa ni leo; pejeri na mafaili yaliyorundikana ni zamani. Kingine cha kushika mapema: mpangilio wa simu hizi za redio si sawa kwa hawa wawili. Simu ya kwanza anayoisikia Hae-young inatoka 2000, karibu na mwisho wa maisha ya Jae-han. Inayofuata inatoka 1989, kwa Jae-han kijana asiyemjua Hae-young kabisa. Kwa Jae-han mazungumzo yamechukua miaka 11. Kwa Hae-young ni suala la muda mfupi. Ndiyo maana kwenye simu ya kwanza mzee anaongea kama rafiki wa siku nyingi na kijana anashangaa.

ONYO: kuanzia hapa nafichua.

Kinachoipa uzito ni kwamba hakuna mabadiliko ya bure. Kesi ya mauaji ya mfululizo ya Gyeonggi Kusini ndiyo inayoonyesha hili vizuri. Hae-young, kwa kuwa ana jalada mkononi, anamtajia Jae-han mahali ambapo mwathirika anayefuata atapatikana. Jae-han anakimbia, anamwokoa. Furaha haimalizi hata dakika, karatasi ukutani 2015 zinaanza kujiandika upya, na zinaonyesha muuaji, baada ya kukosa huyo, amemwendea mwingine. Mnyororo unasogea hadi unamfikia Won-kyung, binti wa ofisi ya mtaa ambaye Jae-han alikuwa anampenda na hajawahi kumwambia. Halafu linakuja tukio la sinema: Jae-han anakaa peke yake kwenye ukumbi na tiketi alizoziacha marehemu, filamu ni ya kuchekesha, watu wote wanacheka, yeye analia kwa sauti. Cho Jin-woong hakuhitaji mazungumzo pale. Ukitaka kuonja tu tamthilia hii kabla ya kuamua, angalia hadi hapo, sehemu ya nne.

Kesi ya mwizi mkubwa ya 1995 inafanya jambo hilo hilo kwa ukatili zaidi. Taarifa kutoka 2015 inasababisha Jae-han amkamate mtu asiye na hatia, Oh Gyung-tae. Siku hiyo hiyo daraja linaporomoka na binti wa Gyung-tae anafia ndani ya basi mbele ya macho ya baba yake aliyefungwa pingu. Miaka 20 baadaye anatoka gerezani na kisasi, na Soo-hyun anakufa kwenye mlipuko wa gari la kubebea bidhaa za baridi. Ikabidi Jae-han arudi nyuma kumtafuta mwizi halisi, kijana wa mkubwa, ili mstari ubadilike na Soo-hyun arudi. Daraja lile Wakorea hawahitaji kuelezwa: Oktoba 1994 daraja la Seongsu jijini Seoul lilikatika kweli asubuhi watu wakienda kazini na shuleni, wakafa watu 32. Mwandishi amebadilisha jina na mwaka, kidonda kakiacha palepale.

Jambo la sheria linawasumbua watazamaji wengi wa huku, kwa sababu kwetu kesi ya mauaji haifi kwa kupita miaka. Korea ilikuwa na ukomo wa kushtaki. Kwa mauaji ulikuwa miaka 15, mwaka 2007 ukaongezwa hadi 25 kwa makosa yaliyofuata, na mwishoni mwa Julai 2015 ukafutwa kwa mauaji ambayo muda wake ulikuwa bado haujaisha. Bila kujua hilo, kesi ya kwanza, ya mtoto aliyetekwa Julai 2000, itaonekana kama watu wazima wanakimbizana na saa ya ukutani bila sababu. Wanakimbizana nayo kweli: muuaji anaweza kukaa kimya kwenye chumba cha mahojiano hadi saa sita usiku kisha akatoka mtu huru kwa kosa lile. Kuianza hadithi Julai 2015, mwezi uleule wa sheria mpya, ni uamuzi wa mwandishi anayejua anachofanya, maana hasira za kesi ile ndizo zinazozaa kitengo cha majalada ya zamani ambamo hadithi yote inakaa.

Na kuna jambo lililotokea baada ya tamthilia kuisha ambalo limeipa uzito mpya. Kesi ya Gyeonggi Kusini imechotwa kutoka mauaji ya Hwaseong, wanawake kumi kati ya 1986 na 1991, na Signal ilipotoka muuaji alikuwa hajulikani. Mwaka 2019 vinasaba kutoka vielelezo vya zamani vilimpata: Lee Choon-jae, ambaye tayari alikuwa gerezani kwa kumuua shemeji yake mwaka 1994. Akakiri mauaji 14. Ukomo ulikuwa umeshapita, hakushtakiwa kwa yale ya Hwaseong. Na mtu mwingine aliyekaa gerezani karibu miaka 20 kwa moja ya mauaji hayo akasafishwa na mahakama Desemba 2020. Ukimrudia Oh Gyung-tae ukijua hili, hutamwona tena kama chumvi ya mwandishi. Tofauti na tamthilia ipo kwenye kilichompata muuaji baadaye. Kim Eun-hee aliandika kwamba muuaji, mtoto wa dereva wa basi, alipooza baada ya kuanguka akikimbizwa na Jae-han. Ukweli ulikuwa wa kawaida zaidi na wa aibu zaidi kwa polisi: tangu 1994 alikuwa mikononi mwao kwa kosa jingine.

Uzuri mwingine usiosemwa sana ni heshima kwa ushahidi. Redio inampa Hae-young jibu, haimpi kesi. Hawezi kumwambia hakimu ameelezwa na mtu wa 1989. Kila mara kitengo kinalazimika kutafuta kitu cha kushika: kielelezo kilichohifadhiwa, shahidi aliyenyamaza, njia ya basi ambalo waathirika wote walipanda, skafu nyekundu. Hapa inazipita tamthilia nyingi za aina hii, ambamo shujaa akishaota ndoto mtuhumiwa anakiri.

Kwa waigizaji, Kim Hye-soo anabeba umri mbili kwenye mwili mmoja. Alikuwa na miaka 45 hivi, anacheza kuruta wa miaka ya ishirini na kitu, na hakutegemea vipodozi: mabega yanapanda, sauti inakuwa nyembamba, macho hayatulii. Watakaosema umri unaonekana hawajakosea, unaonekana kwenye picha za karibu, ila baada ya dakika kumi unasahau. Tuzo za Baeksang za 2016 zilimpa mwigizaji bora wa kike wa televisheni, tamthilia yenyewe ikawa bora, na Kim Eun-hee akapata ya uandishi. Kwenye kesi ya Hongwon-dong (1997), Lee Sang-yeob anacheza muuaji mpole wa dukani bila kunyanyua sauti hata mara moja, na kuruta Soo-hyun akikimbia gizani na mfuko wa plastiki kichwani ni dakika za kutisha kuliko zote. Usile chakula.

Sasa udhaifu, maana upo na si mdogo.

Mkubwa kuliko wote ni kwamba tamthilia inatumia kanuni mbili za wakati zinazopingana. Fikiria simu ile ya kwanza. Jae-han wa 2000 anamwambia Hae-young asikate tamaa, mawasiliano yataanza tena, na itabidi amshawishi Jae-han wa 1989. Maana yake Jae-han huyu wa 2000 ameshapitia mazungumzo yote tangu 1989. Kama ameyapitia, basi yule mwanamke wa 1989 alishaokolewa, na jalada la Hae-young lilipaswa kuonyesha hivyo tangu siku ya kwanza. Lakini halionyeshi. Linabadilika mbele ya macho yake baada ya yeye kuongea. Kwa hiyo mlango wa mbele unasema yaliyopita yamefungwa kwenye duara, wa nyuma unasema yanabadilika. Ukichagua kanuni moja, nusu ya matukio yanabaki bila maelezo. Mashabiki wanajaribu kuziba kwa kusema kuna mistari mingi ya maisha sambamba. Sawa, ila hakuna mhusika anayelisema hilo ndani ya sehemu zote 16, kwa hiyo ni kiraka cha mtazamaji.

Kumbukumbu nazo zinalegea. Mwanzoni kanuni inaeleweka: mambo yakibadilika, aliye kwenye redio ndiye anayekumbuka yalivyokuwa. Soo-hyun anafufuka baada ya mlipuko na hajui alikufa. Safi. Ila sehemu ya 16 Soo-hyun naye anabeba kumbukumbu za mistari yote miwili, bila kazi yoyote ya kutuandaa. Mtu anaweza kujitetea kwamba kufikia hapo naye alikuwa ameshaongea kwenye redio. Inakubalika, lakini jambo linalobeba hitimisho lote halikupaswa kuachiwa mtazamaji alikisie.

Halafu angalia mawimbi yanavyochagua watu. Mwanamke aliyeokolewa anaishi miaka 26 ya ziada na dunia haitikisiki popote. Oh Gyung-tae akikamatwa, mawimbi yanasafiri miaka 20 hadi kumuua mhusika mkuu. Mawimbi yanakuja pale mwandishi anapoyahitaji. Kwenye sehemu nne za kwanza hulioni kwa sababu kasi ni kubwa. Kesi ya mji wa Inju (1999, inayomhusu kaka wa Hae-young) inapofika na kasi kupungua, unaanza kuliona.

Mhalifu mkuu wa ndani, mkuu wa upelelezi Kim Beom-joo, ni karatasi. Jang Hyun-sung anajitahidi kwa uso na sauti, lakini kazi aliyopewa ni kukaa ofisini, kupokea simu, kuagiza watu na kukunja uso. Mwanasiasa aliye juu yake ndiyo kabisa, anatokea, anaongea taratibu, anaondoka. Linganisha na Ahn Chi-soo, mpelelezi aliyeuza roho yake kwa sababu unayoielewa na inayomla: tukio lake moja lina uzito kuliko yote ya Beom-joo. Tamthilia inayosema wakubwa hulindana ilihitaji mkubwa mwenye damu.

Hae-young anaanza vibaya. Sehemu mbili za kwanza anapiga kelele mno, na hata Wakorea wenyewe walimlalamikia Lee Je-hoon wakati inarushwa. Vumilia. Kuanzia kesi ya kaka yake anatulia, na ile hasira ya mwanzo inapata maelezo: kaka alibebeshwa kosa la kubaka lililofanywa na watoto wa wenye nguvu Inju, kisha kifo chake kikapangwa kionekane ni kujiua. Hata hivyo hapo hapo kuna sadfa inayokaba koo. Mtoto aliyeshuhudia utekaji wa 2000 ni Hae-young. Mdogo wa aliyesingiziwa Inju ni Hae-young. Aliyeokota redio ni Hae-young. Sadfa moja tunampa mwandishi bure, ya pili tunanung'unika, ya tatu anadaiwa maelezo, na hayatolewi.

La mwisho upande huu, wanawake wanakufa mno ili wanaume wapate uchungu. Won-kyung hana lolote zaidi ya kupendwa na kuuawa. Soo-hyun ameokoka kwenye mtego huu kwa sababu Kim Hye-soo anamjaza, ila hata yeye, miaka 15 yote, maandishi yanamtaka asubiri.

Kuhusu mwisho, mchangiaji mmoja amesema "umekatwa kama wameishiwa hela". Hapana, umeachwa wazi kwa makusudi, na vipande vyake vipo. Jae-han ananusurika 2000, kwa hiyo Hae-young aliyepigwa risasi 2015 anaamka akiwa hai kwenye maisha mengine ambamo kitengo hakimjui. Soo-hyun anapata ujumbe wenye namba 32-6, ambayo inawaelekeza kwenye hospitali ya kulelea wagonjwa huko Inju. Picha za mwisho ni wao wawili garini wakienda, na Jae-han kwenye chumba cha hospitali. Walivyoupanga hauna kasoro kubwa. Kasoro ni muda: sehemu ya 15 inatembea polepole, ya 16 inabeba mabadiliko ya miaka 15 ndani ya nusu yake ya pili, kiasi kwamba unahitaji kuirudia ili ujue nani anajua nini. Kama wangekata dakika 30 za Beom-joo ofisini na kuzipeleka huku, malalamiko haya yasingekuwepo.

Kwa anayeumwa na matundu ya kanuni kuliko kitu kingine chochote, aanze na tamthilia ya Kairos ya chaneli ya MBC ya 2020: simu inaunganisha watu wawili waliopishana mwezi mmoja, kwa dakika moja tu, saa 4 na dakika 33 usiku, na mwandishi anaibana kanuni yake hadi karibu na mwisho. Haina mtu wa kuliliwa kama Jae-han, lakini hutahitaji karatasi ya miaka.